Kichwa Chini, Miguu Juu

Kabla hujaitazama sanamu ya shaba, igonge. Nawaambia ninyi mnaofika uani kwangu hapa Singida Mjini na simu mkononi, mnapiga picha ya uso wa sanamu, kisha mnapanda bodaboda na kwenda zenu. Uso unaweza kudanganya. Patasi, tupa na msasa huficha karibu kila kasoro iliyotokea kwenye moto, lakini sauti haipakwi rangi. Kunja kidole, gonga begani, tega sikio. Sanamu nzima huitika, na mwitikio wake hukaa hewani kidogo kabla ya kupotea. Yenye ufa hujibu kama mlango wa mbao, mara moja, basi.

Aliyenifundisha kugonga alikuwa sonara. Tulimwita Bwana Ramji, Mhindi mwembamba aliyekuwa na duka la pete na hereni karibu na soko, na mimi nilikuwa msichana kutoka Issuna niliyekuja mjini kutafuta kazi yoyote. Nikaipata: kufagia. Sharti lilikuwa moja, vumbi lisitupwe. Nilifagia, nikajaza kopo, nikaliweka chini ya meza yake, kesho yake nikafagia tena. Nilimwona mzee wa ajabu, tajiri anayekusanya uchafu. Mpaka siku moja akaliosha lile vumbi kwenye karai mbele yangu, akalipeleka motoni ndani ya chungu kidogo, na humo chini kikabaki kipande cha dhahabu kama punje ya mtama.

"Umekuwa ukiibeba kila siku," akaniambia. "Hukuiona?"

"Sikuiona, Bwana."

"Basi kesho fagia polepole."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la uchongaji, ingawa wakati ule hakuna aliyeliita hivyo.

Wengi wenu mnadhani sanamu ya shaba huchongwa kama kinyago. Haichongwi. Unaifinyanga kwanza kwa nta ya nyuki, juu ya kiini cha udongo, mpaka kila mkunjo wa shati uwe pale unapoutaka. Halafu unaivika udongo nje, tabaka juu ya tabaka, laini kwanza, wa kichuguu na samadi baadaye, na unaacha njia: moja ya kuingilia shaba, nyingine nyembamba za kutolea hewa. Ukichoma lile ganda, nta inayeyuka na kutoka. Inabaki nafasi tupu yenye umbo la mtu, na humo ndimo unamimina shaba iliyochanganywa na bati kidogo. Kwa hiyo kuna saa chache ambazo sanamu yako haipo popote. Nta imekwenda, shaba haijaja. Umebaki na tundu ndani ya udongo. Mtu asiyeweza kukaa na tundu hilo kwa utulivu atafute kazi nyingine; kuchomelea mageti, kwa mfano, kuna riziki nzuri.

Nta sikuihangaikia, kwa kuwa mjomba wangu kule Issuna alikuwa na mizinga. Lakini nta nayo ina tabia zake. Wakati wa upepo wa Julai huwa ngumu na yenye hasira, unagusa sikio la mtu linadondoka. Oktoba hulegea. Niliwahi kufinyanga beberu mwenye pembe ndefu za kupendeza, nikamwacha kivulini, nikaenda kula. Kivuli nacho hakikai mahali pamoja. Niliporudi nilimkuta beberu mwenye masikio manne. Hamisi, fundi aliyekuja baadaye kufanya kazi nami na tukazeeka pamoja, bado humtaja beberu yule kila akitaka kuninyamazisha. Na msinunue nta iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Harufu itawaambia. Harufu isipowaambia, nyuki watawaambia, kwa sababu nta safi ikiyeyushwa nyuki huja kuikagua, na ile ya uongo wanaipita.

Lakini nilianza kusema juu ya kugonga, na juu ya kichwa chini. Haya mawili yanakwenda pamoja.

Kitu cha kwanza nilichomimina kwa mkono wangu kilikuwa kuku. Bwana Ramji alinipa mabaki ya nta na vipande vya bomba bovu, akasema fanya upendalo. Mtu wa Singida akipewa ruhusa hiyo atafanya kuku. Nilimfinyanga jogoo, kifua mbele, kichwa juu, mdomo wazi anawika. Nikamvika udongo vilevile alivyosimama, nikamimina shaba kwa juu. Tulipovunja ganda, mwili ulikuwa mzuri, miguu mizuri, mkia mzuri. Kichwani kulikuwa na kifundo chenye vitundu, kama maandazi yaliyoungua. Mdomo haukuwepo kabisa.

Bwana Ramji alimgeuza mkononi, akamtazama pande zote.

"Huyu atakufa kwa njaa," akasema.

Sikucheka. Akaniuliza, "Kwa kuku, wewe unataka nini kitoke vizuri kuliko vyote?"

"Mdomo."

"Na shaba uliyompa mdomo ni ipi? Ya mwisho. Imeshachoka njiani, imepoa, takataka zote zimeelea juu yake. Binti, shaba ya kwanza ndiyo ya moto na ndiyo safi, nayo hukimbilia chini. Mgeuze. Kichwa chini, miguu juu. Uso mpe ya kwanza, miguu mpe ya mwisho. Miguu ni ya kukanyagia tu."

Tangu siku hiyo kila nilichomimina nilikimimina kichwa chini. Kuku, ng'ombe, padri mmoja, mwanamke anayetwanga, wote waliingia ardhini kwa utosi. Ilikuwa ni kanuni ya kazi, kama mshonaji anavyolowesha uzi. Sikuwahi kufikiri kwamba ina maana nyingine yoyote, mpaka walipokuja watu wa Kinyangiri.

Walikuja watatu, wamevaa vizuri, wakakaa kwenye benchi langu bila kuegemea. Walitaka sanamu ya Mzee Gunda. Mzee Gunda alikuwa mchimba visima. Kabla mashine za kuchimba hazijafika kule Mkalama, yeye na sururu yake ndio waliokuwa mashine, na vijiji kadhaa vilikunywa maji kutokana na mgongo wake. Sasa kijiji kimepata bomba, na watoto wanafungua koki bila kujua kwamba maji yaliwahi kufuatwa chini. Wakaona awekwe pale penye koki, awe anaonekana.

"Alifariki lini?" nikauliza, maana kwa kawaida ndivyo inavyokuwa.

Wakatazamana. "Hajafariki. Yuko nje. Amesema benchi ni la wageni."

Nikatoka nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mzee mfupi mwenye mabega mapana na kofia ya sufu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mnyaturu atakayenifinyanga?"

"Ndiye mimi."

"Usije ukanipa pua yenu."

Nikamwambia pua za Wanyiramba nazijua, nimeshazimimina, zinakula shaba nyingi. Akacheka bila sauti. Tukaanza kazi.

Mzee Gunda alikuwa mtu rahisi kufinyangwa kwa sababu hakuwa na haja ya kuonekana vizuri. Alikaa kwenye ndoo yake, akanyamaza, mara nyingine akalala. Siku nzima aliweza kusema neno moja, nalo likawa la kazi. Alipoiona sururu niliyomwekea mkononi, alisema, "Mpini wa kwangu umepinda kushoto." Nikaupinda. Niliamua kumfanya akitazama juu, macho yamebanwa kidogo, mkono mmoja kwenye kamba. Ndivyo mchimba kisima anavyosimama kule chini akingoja ndoo ishushwe, na mwanga uko juu ya kichwa chake, mdogo kama sahani. Urefu wake ulikuwa wa mtoto aliyeanza kutembea. Tanuri langu halikuweza zaidi ya hapo kwa kumimina mara moja, na mimi sikupenda kuunga watu vipande vipande.

Alipoliona lile pozi, aliinuka kwenye ndoo yake akalisogelea.

"Kaka yangu alikuwa akitazama hivyo," akasema. "Elia. Mimi nilikuwa juu nashika kamba."

Nikaendelea kufinyanga. Baadaye alimaliza mwenyewe, kwa sauti ileile ya kuelezea mpini. Udongo ulianguka. Kamba ilibaki mkononi mwake ikiwa imelegea. Yeye na Elia ndio walioanza kazi pamoja. Yeye aliendelea peke yake, kwa kuwa watu walihitaji maji. Dada yao mkubwa, Bibi Salome, hakuwahi tena kusogelea kisima. Alikunywa maji yake, lakini alitaka yaletwe.

Nilimaliza nta. Nikaivika udongo, nikaacha ganda likauke kivulini polepole, na nikawatumia ujumbe watu wa Kinyangiri kwamba siku ya kumimina wanaweza kuja kuangalia. Hapo, sasa ninavyofikiri, ndipo habari ilipofika mahali ambapo haikuandaliwa kufika. Mtu akienda kijijini kueleza kazi yetu, ataielezaje? Atasema: wamemfinyanga Gunda kwa nta, wamemzungushia udongo mwili mzima, na Alhamisi wanamwingiza shimoni na kumfukia. Hakuna neno la uongo hapo. Ganda lazima lifukiwe shimoni na kushindiliwa udongo mkavu, kwa sababu shaba ni nzito, na ganda lililosimama wazi hupasuka likamwaga moto miguuni mwa watu.

Alhamisi ile upepo ulikuwa mwingi, jambo zuri kwa mkaa na baya kwa macho. Ganda lilikuwa limechomwa tangu jana yake, mdomo wa kumiminia ukiwa chini ili nta itiririke itoke. Asubuhi moshi ulikuwa umekwisha kabisa. Hamisi akalitoa kwa mnyororo, tukaligeuza, kichwa cha mzee chini, miguu juu, tukalishusha shimoni likiwa bado la moto. Tukaanza kushindilia. Kwenye tanuri shaba ilikuwa inaanza kulegea ndani ya chungu chake, na mle mna rangi ambayo siwezi kuwaeleza. Mkishaiona mtaitambua maisha yenu yote. Mzee Gunda alikuwa pembeni kwenye ndoo yake, na wale watatu wa kijijini walikuwa wamesimama mbali kwa adabu, wakikinga nyuso zao.

Bodaboda ikaingia uani. Alishuka bibi mmoja mrefu, mkavu, kitenge kimekazwa kiunoni, bangili ya shaba kwenye mkono wa kulia. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye shimo, akachungulia, akakunja magoti polepole, akaketi ukingoni na kuishusha miguu yake ndani, juu ya udongo tuliokuwa tukiushindilia.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Sipokei shikamoo ya mtu anayemzika ndugu yangu mchana kweupe, na mwenyewe ameketi anaangalia." Akageuka. "Na wewe, Gunda! Umekuja kwenye maziko yako umevaa kofia?"

"Dada, ni sanamu," akasema Mzee Gunda.

"Najua ni sanamu. Mimi si mtoto. Nani yumo ndani ya hilo dongo?"

Akanitazama mimi. "Nakuuliza wewe mwenye shimo. Nani yumo?"

Nilitaka kumwambia hamna mtu, mna nafasi tupu tu, lakini niliona jibu hilo lingekuwa baya zaidi.

"Yumo Mzee Gunda," nikasema.

"Basi mtoeni."

Hapo niwaeleze hali ilivyokuwa, maana ninyi hamjawahi kusimama katikati ya mambo mawili yanayopoa. Ganda likipoa shimoni hunyonya unyevu wa ardhi. Shaba ya moto ikikutana na unyevu hulipuka. Nina alama kwenye mkono wa kushoto inayojua habari hiyo kuliko mimi. Hata isipolipuka, itaganda katikati ya safari, nami nitapata mzee asiye na uso. Na shaba nayo, ukiiacha motoni ikusubiri, hunywa hewa, na ukiimimina hutoka na vitundu kama chapati ya maji. Nta ilikuwa imekwisha kwenda. Sikuwa na nakala. Uso wa Mzee Gunda, ule wa kutazama juu, ulikuwa umebaki ndani ya lile ganda tu, ukiwa umegeuzwa ndani nje, na hakuna mkono ungeweza kuufanya mara ya pili vilevile. Nilikuwa na muda kama wa kusonga ugali.

Mmoja wa wale watatu akamsogelea Mzee Gunda. "Mzee, mwambie dada yako. Kazi inaharibika."

"Akisema hapana, ni hapana," akajibu Mzee Gunda. "Huyu alinipokea mikononi mwake. Siwezi kumwambia atoke shimoni."

"Lakini mzee, kijiji kizima..."

"Kijiji hakikunipokea."

Hamisi alikuwa kwenye tanuri, koleo mkononi, jasho linamtoka. "Mama," akaniita, "iko tayari. Niongeze mkaa au nipunguze?"

"Ishike hapohapo."

"Haishikiki hapohapo, Mama, hii si uji!"

Nikaenda nikaketi ukingoni karibu na Bibi Salome. Miguu yangu nayo niliishusha shimoni, kwa kuwa haikuwa heshima kuzungumza naye nikiwa juu yake. Joto la ganda lilikuwa linapanda kupitia udongo mpaka kwenye nyayo.

"Bibi, unaogopa nini?" nikauliza. "Nieleze, niamue nami."

Hakunitazama. Alikuwa anautazama udongo. "Nilikuwa msichana mdogo, kanga naifunga shingoni," akasema. "Mama yetu alipojifungua Elia, bibi yetu mkunga alikuwa ameumia mkono, akaniambia njoo, shika wewe, mimi nitakuelekeza. Elia ndiye wa kwanza niliyempokea duniani. Baadaye nikampokea huyu. Baadaye nikapokea nusu ya Kinyangiri. Huyo wa kwanza, ardhi ilimchukua amesimama, hai, anatazama juu. Sasa mnamweka wa pili humohumo, amesimama, hai, na nimeambiwa mmemfanya anatazama juu." Akalipiga lile dongo kwa kiganja. "Nimekuja kukaa hapa. Akizikwa, mnifukie naye."

Nawaambia kweli, niliinua kichwa kumwambia Hamisi amwage shaba kwenye mchanga, tuanze upya mwakani, au tusianze. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Lakini kabla sijamwita nilitamka jambo jingine, kwa mazoea ya kazi tu, kama mtu anayesahihisha kipimo.

"Hajasimama, bibi. Yuko kichwa chini."

Akageuka. "Yuko vipi?"

"Kichwa kiko huku chini, miguu iko hapa juu. Hizi tundu unazoziona ndizo nyayo zake. Ndivyo tunavyowaweka wote."

"Kwa nini?"

"Ili uso upate shaba ya kwanza. Iliyo safi."

Akauliza kwa sauti nyingine, sauti ya mtu aliyeingia kwenye kazi yake, "Tangu mwanzo alikuwa kichwa chini?"

"Hapana. Alipokuwa motoni alikuwa kichwa juu, nta ikitoka. Tumemgeuza leo asubuhi."

"Mwishoni."

"Mwishoni, ndiyo."

"Na ile nta, inatoka kwanza? Kabla yake?"

"Lazima itoke kwanza."

Bibi Salome aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda, ule wenye bangili. Halafu akaitoa miguu yake shimoni, mmoja mmoja, akanishika bega ili asimame.

"Gunda," akaita.

"Naam, dada."

"Umewahi kuona maiti inayozikwa kichwa chini?"

Mzee Gunda akafikiri. Alikuwa mtu anayefikiri kweli akiulizwa. "Sijawahi."

"Haipo. Anayekaa kichwa chini ni yule anayekuja." Akavuta kitenge akakikaza upya. "Mbona hamkusema? Watu wazima mnaeleza habari nusu. Wewe kijana mwenye koleo, unangoja nini, unataka afe njiani?"

Hamisi alikuwa na mvi wakati huo. Hakubisha. Nikaitoa miguu yangu, tukashindilia kwa haraka kuliko nilivyowahi kushindilia, nikaipangusa midomo ya ganda, nikaweka kiganja karibu nayo kusikiliza joto. Lilikuwa bado lipo, kwa shida. Hamisi na mimi tukakitoa chungu. Wale watatu walirudi nyuma mpaka ukutani. Bibi Salome hakurudi nyuma. Alisimama upande wa pili wa shimo, mikono kiunoni, na nilipoinamisha chungu alisema polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usikimbie. Usisimame pia. Hivyohivyo. Hivyohivyo, mama." Sijui alikuwa anamwambia nani. Niliifuata. Shaba iliingia kama kamba isiyokatika mpaka ikaonekana kwenye tundu za hewa, kwanza moja, kisha ya pili, inang'aa.

Kisha hakuna la kufanya. Hii nayo muijue: baada ya kumimina, fundi hana kazi. Unakaa. Bibi Salome alikunywa chai kwangu na kulala kwangu, na alinieleza mambo mengi kuhusu watoto waliochelewa, wote kwa majina.

Kesho yake tulifukua. Hamisi alifunga mnyororo kwenye njia za shaba zilizoganda juu ya miguu, akaliinua ganda likining'inia, kichwa chini bado. Nilichukua nyundo nianze kuvunja kwa juu, kama ilivyo desturi yangu.

"Kichwa kwanza," akasema Bibi Salome.

Nikaanza kichwani. Udongo ulianguka vipande vipande, na chini yake ikatokea kofia, kisha paji la uso. Alinisogeza kwa kiwiko, akapiga goti, akaupangusa uso ule kwa ncha ya kitenge chake, macho, kisha pua, kisha mdomo. Yote yalikuwepo. Macho yaliyobanwa yalikuwepo, yakitazama chini sasa, kwenye ardhi, kwa sababu alikuwa amening'inizwa miguu juu. Mzee Gunda alikuja na ndoo yake, akaiweka karibu, akaketi. Walitazamana hivyo, yeye na yeye.

"Hizi je?" Bibi Salome aliuliza, akionyesha zile njia za shaba zilizotoka miguuni kama mizizi.

"Tunazikata kwa msumeno."

"Usikatie karibu na mwili. Acha kidogo."

Ndivyo inavyofanywa, kwa kweli. Unaacha kidogo, unamalizia kwa tupa.

Ilibaki kugonga. Nilikuwa naichelewesha. Kiini cha udongo kilikuwa bado ndani, na udongo humeza sauti; kwa kawaida sigongi kabla ya kukitoa. Na ganda lilikuwa limepoa mno siku ile. Kama kulikuwa na ufa, ungekuwa mahali fulani kati ya kifua na shingo, ambako macho hayaoni. Nikamwambia Bibi Salome kwamba tunasubiri kidogo, kuna jambo la kusikiliza, sanamu nzima huitika na yenye ufa hainyanyui sauti.

"Unasubiri nini?" akasema. "Ameshikwa miguu tayari."

Akainua mkono wa kulia na kumpiga sanamu kofi la makalio, bangili ikatangulia.

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye udongo ndani yake. Lakini ilisimama hewani, ikazunguka ua, ikapita juu ya tanuri lililopoa na juu ya wale watatu wa kijijini, na sote tulinyamaza mpaka ilipokwisha yenyewe.

"Amelia," akasema Bibi Salome.

Mzee Gunda alikuwa amevua kofia. Akaivaa tena.

"Umempiga kwa nguvu, dada."

"Wewe nilikupiga zaidi," akasema. "Ulichelewa."